Bustani Juu ya Barabara: Siku Yangu ya Kwanza Klyde Warren Park

Viatu nimevishika mkononi. Nyasi ni changa, zimetandikwa juzijuzi tu, na zinanitekenya nyayo. Kulia kwangu mama mmoja anamlisha mwanawe ndizi kwenye kiti cha chuma, kushoto vijana wanarushiana mpira, na maghorofa ya Dallas yametuzunguka pande zote yakimeta jua la alasiri. Chini yangu, chini ya nyasi hizi hizi ninazozikanyaga, magari yanakata mbio kwenye barabara kuu ya njia nane.

Chini ya nyasi, jamani! Habari hii ninayo kwa miaka mitatu sasa. Nimeisoma, nimetumiwa picha zake, nimeichora kwenye karatasi. Lakini cha kusimuliwa si cha kukanyaga. Nimefika, nimekanyaga, na moyo bado unanienda mbio.

Hii ndiyo Klyde Warren Park, bustani ya katikati ya jiji la Dallas, jimbo la Texas, nchini Marekani. Ilifunguliwa Jumamosi, Oktoba 27, 2012. Mimi nimeingia Jumamosi ya Novemba 10 mwaka huo huo, wiki mbili kamili baadaye, na toka asubuhi sijatoka. Bustani za mijini ndizo mapenzi yangu ya siku nyingi. Jijini Nairobi nimelala chini ya miti ya Uhuru Park, nimesikiliza wahubiri wa mchana pale Jeevanjee, na Zanzibar nimekula mishikaki Forodhani jua likizama baharini. Zote nazipenda. Ila ujenzi wa bustani wenye akili kama huu sijapata kuuona.

Kwangu mambo yalianza kwa simu. Dada yangu na mumewe wanaishi Dallas, na shemeji, ambaye ni dereva wa lori, hupita barabara hii ya Woodall Rodgers karibu kila siku ya kazi. Mwaka 2009 alinipigia, kwao usiku, kwetu Nairobi asubuhi, chai ikiwa bado mezani.

"Shemeji, hawa watu wanaifunika barabara."

"Wanaifunika na nini?"

"Na bustani, shemeji. Tena wanasema itakuwa na miti."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Kuanzia siku ile kila alipopata nafasi alinitumia picha: kuta za zege, winchi, boriti zikining'inia hewani. Picha nyingine hazikuonyesha chochote zaidi ya giza na taa nyekundu za magari yaliyo mbele, lakini nimezihifadhi zote.

Kwa nini mtu afunike barabara? Woodall Rodgers, iliyopewa jina la meya aliyeongoza Dallas kuanzia 1939 hadi 1947, ilikamilika mwaka 1983. Si ndefu, lakini mahali ilipopita ni pazito. Imefuata ukingo wa kaskazini wa katikati ya jiji, na imechimbiwa chini ya usawa wa ardhi kama handaki lililo wazi. Ng'ambo moja kuna ofisi na majumba ya sanaa, ng'ambo ya pili kuna Uptown yenye makazi na mikahawa. Katikati ukabaki mfereji wa moshi na mngurumo. Mtu wa miguu aliyetaka kuvuka alipita kwenye madaraja ya magari, upepo wa malori ukimpiga usoni, kwa hiyo wengi hawakuvuka.

Na kabla ya hapo? Upande huo wa kaskazini kulikuwa na mitaa ya Wamarekani Weusi, vizazi vya watumwa walioachwa huru, na kulikuwa na mtaa wa Wamexico ulioitwa Little Mexico. Barabara kuu za karne iliyopita zilipasua makazi hayo. Nyasi haziwezi kuwarudisha watu wale. Nalisema hili mapema kwa sababu anayeipenda bustani hii, kama ninavyoipenda mimi, anapaswa kujua ni nyumba za nani zilizokuwa hapa.

Sasa tuje kwenye ujenzi, maana hapa ndipo nilipotekwa.

Kupanda miti juu ya paa la zege kuna shida moja kubwa. Udongo ni mzito, na ukilowa huzidi uzito. Nyasi na maua hutosheka na kina kidogo, lakini mti haudanganyiki: unataka kina, unataka nafasi ya kutandaza mizizi, la sivyo utadumaa au utang'olewa na upepo wa kwanza. Ukimwaga udongo wa kina kikubwa kila mahali, paa linaelemewa. Ukiliongezea paa unene ili lihimili, bustani inapanda juu na kuwa kilima, na mpita njia aliye kando ya barabara anaona ukuta badala ya mlango. Ndiyo maana wajenzi wengi huishia kuweka miti kwenye masanduku ya zege, na matokeo yake tunayajua sote: ile miti ya mbele ya benki, iliyosimama kwenye ndoo zake imenyong'onyea.

Wahandisi wa Dallas walipita njia nyingine, na mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe atanielewa upesi. Nyumba za kale za pwani zimeezekwa kwa boriti: miti ya mikoko iliyolazwa sambamba toka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Hapa Dallas nako ni boriti, ila za zege, zaidi ya 300, zimelazwa kuikingama barabara. Lakini hawakuzibananisha zote pamoja. Walizipanga mafungu mafungu: fungu la boriti, nafasi, fungu jingine, nafasi nyingine. Katika zile nafasi wakaweka slabu, na slabu hizo hawakuzipandisha juu ya mgongo wa boriti. Wakazishusha chini kabisa, usawa wa tumbo lake.

Umekiona kilichotokea? Kati ya fungu na fungu likazaliwa handaki refu. Handaki likajazwa udongo. Udongo ukapandwa mti.

Yaani mizizi imekaa ndani ya paa lenyewe! Ule unene wa boriti, ambao ulikuwa lazima uwepo ili kubeba mzigo, ndio huo huo uliogeuka kuwa kina cha udongo. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichopotea. Na pale walipotaka miinuko na vilima bila kuongeza uzito, chini wakajaza matofali ya jiofomu, povu gumu na jepesi la ukoo mmoja na lile linalokinga televisheni mpya ndani ya katoni, kisha juu wakatandaza udongo.

Ile karatasi niliyochora Nairobi siku nilipoelewa jambo hili nimekuja nayo, imekunjika na kuchakaa pembeni. Leo asubuhi niliifungua nikatembea nayo toka mwanzo wa bustani hadi mwisho nikilinganisha: miti, nyasi, miti, nyasi. Ukishaijua siri, unaweza kuhisi boriti zilipo kwa kutazama tu miti ilivyojipanga. Nilitamani kumkamata kila apitaye nimwoneshe. Wawili niliwakamata. Mmoja, mzee aliyevaa kofia pana, aliitazama karatasi, akautazama mti, akapiga goti na kuupapasa udongo kwa kiganja, kisha akanipa mkono.

Miti iliyopandwa ni 322, na mimea ya asili ni ya aina 37. Eneo lote ni ekari 5.2. Ukilinganisha na Uhuru Park ni kiwanja kidogo, lakini kumbuka kwamba kabla ya 2009 hapakuwa na ardhi hapa hata hatua moja. Kulikuwa na hewa. Ekari tano za ardhi zimetengenezwa kutoka hewani, katikati ya jiji ambalo kiwanja chake hakishikiki kwa bei, na barabara iliyo chini ikaendelea kutumika. "Usiku walikuwa wakifunga njia, sisi tunazungushwa," shemeji anakumbuka. "Asubuhi unapita, unaona boriti zimeongezeka."

Gharama yake ni dola milioni 110. Jiji lilitoa milioni 20 kwa njia ya hati fungani, nyingine 20 zikatoka kwenye fedha za barabara za jimbo na za serikali kuu, na milioni 16.7 zikatoka kwenye mpango wa kuinua uchumi ambao Rais Obama aliutia saini Februari 2009. Nilipolikuta hilo nilicheka kwa furaha. Nimeingia hapa siku nne tu baada ya Obama kuchaguliwa tena, watu wa Kogelo, kijiji cha baba yake nchini Kenya, wakiwa bado kwenye shangwe, na kumbe sehemu ya ardhi ninayoikanyaga imelipiwa na kalamu yake. Fedha zilizobaki ni michango ya watu binafsi na kampuni. Tajiri wa mafuta na gesi, Kelcy Warren, alichangia milioni 10, na bustani ikaitwa kwa jina la mwanawe. Mali ni ya jiji, ila uendeshaji umekabidhiwa taasisi isiyo ya faida iliyoundwa mwaka 2004 ili kuipigania ndoto hii.

Basi twende ndani.

Mandhari yote yamebuniwa na ofisi ya James Burnett wa Houston, na mtu huyu anajua jinsi binadamu anavyokaa. Kitu cha kwanza nilichokipenda ni viti. Havikufungwa chini! Ni vyepesi, unakibeba cha kwako unakwenda nacho kivulini, juani, karibu na wenzako au mbali na kila mtu. Kwetu kiti cha bustani ni benchi la zege lililochimbiwa ardhini, na ukikaa huwezi hata kumgeukia unayezungumza naye. Hapa nimewaona vikongwe wanne wakipanga viti vyao duara, wakapiga soga saa nzima, kisha wakaondoka wakiviacha vilivyo. Hakuna aliyeviiba.

Kuna njia ndefu ya miguu inayopita chini ya matao meupe ya chuma. Kuna uwanja mkubwa wa nyasi, na pembeni yake jukwaa la maonyesho lililobuniwa na Thomas Phifer, jepesi, jeupe, paa lake kama karatasi iliyowekwa taratibu juu ya nguzo. Kuna kona ya kusoma na kucheza, yenye magazeti, vitabu, sataranji na tenisi ya mezani, yote bure. Kuna sehemu ya watoto yenye vilima vya kupanda na kushuka, na sehemu ya mbwa iliyozungushiwa uzio, ambako mbwa wanacheza kuliko watoto. Kando ya barabara yamejipanga magari ya kuuza chakula, na harufu ya nyama ya kuchoma imeshuka mpaka kwenye nyasi. Hapo nilisimama foleni mara mbili.

Halafu kuna kile ambacho hakikujengwa, yaani watu kuvuka. Nilikaa nusu saa upande wa majumba ya sanaa nikihesabu. Toka jumba la sanaa la jiji, toka Nasher, lile la sanamu alilolibuni Renzo Piano na lililofunguliwa mwaka 2003, watu wanatoka, wanaingia bustanini, wanatokea Uptown, wanarudi na kahawa. Wanavuka barabara kuu bila kujua kama wanavuka! Karibu na hapo jumba jipya la makumbusho ya sayansi, Perot, lilikuwa linasubiri kufunguliwa Desemba 1, 2012, na niliona kabisa watoto wa shule watakavyomiminika kutoka kule kuja kula chakula chao hapa.

Mpwa wangu ana miaka mitano. Tangu nyumbani tulikuwa tumemwambia tunakwenda kukanyaga juu ya magari, na tulipofika akakasirika.

"Mjomba, magari yako wapi?"

"Chini yako, baba."

Akatazama nyasi. Akapiga magoti, akalala kifudifudi, akaweka sikio chini na kuziba lile jingine kwa kidole. Akatulia hivyo muda mrefu, mdomo wazi. Kisha akainua kichwa, shavu limechorwa na majani, akasema kwa kunong'ona: "Yamelala."

Nami nikalala chini, mtu mzima na koti langu. Nikaweka sikio. Nikasikia nyasi zikinikwaruza, mpira ukidunda mbali, mbwa akibweka. Barabara ya njia nane iko hapo chini na sikuisikia.

Shemeji alibaki amesimama. Miaka mitatu ameshuhudia mradi huu akiwa chini, kwenye usukani, akiona paa likisogea kidogo kidogo juu ya kichwa chake hadi likafunga na kuwa pango lenye taa. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda juu. Alitembea polepole akitazama majengo ili kupata majira yake, akahesabu hatua, akasimama karibu na mti mmoja mwembamba. "Hapa," akasema, akionyesha kidole ardhini. "Hapa ndipo huwa nahamia njia ya kulia." Akacheka, akatikisa kichwa, akakaa pale pale chini ya ule mti na hakutaka kuondoka.

Kasoro zipo, na anayesifu bila kuzitaja hasaidii. Miti ni michanga. Kivuli chake leo kinamtosha mtu mmoja aliyekonda, na jua la Texas la Julai halina huruma, hivyo miaka ya kwanza ya kiangazi itakuwa migumu. Ukienda kwenye ncha za bustani, pale barabara inapochomoza, mngurumo unarudi wote kwa pamoja na unashtuka. Na daraja la barabara ya jiji bado linaikatiza bustani, kwa hiyo mtoto anayekimbia inabidi ashikwe mkono. Lakini haya ni mambo ambayo miti itayamaliza ikikua, au mzazi atayamudu. Hakuna hata moja linalonipunguzia sifa zangu.

Nikiwa kwenye kiti changu chepesi, nikafungua simu kusoma habari za nyumbani. Siku moja kabla, Novemba 9, aliyekuwa Rais wa Kenya, Kibaki, alizindua barabara kuu mpya ya Thika. Kilomita zipatazo 50, njia nane, kazi iliyoanza mwaka 2009, mwaka ule ule walioanza kuifunika Woodall Rodgers. Nilifurahi, kwa sababu nimewahi kukaa saa tatu kwenye foleni ya Thika Road na sitaki kurudi huko. Lakini nilikaa nikiitazama ile picha kwenye simu, lami nyeusi pana, na upande huu watoto wakibiringika kwenye nyasi, na nikaelewa kwamba natazama mwanzo na mwisho wa hadithi moja. Dallas ilimaliza barabara yake mwaka 1983. Imetumia miaka 29 na dola milioni 110 kuvishona vipande vitatu vifupi vya mtaa. Barabara yetu ilikuwa na umri wa siku moja.

Sisi hatuanzi na mkono mtupu. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama kuizuia Uhuru Park isijengwe ghorofa 60, akatukanwa, akabezwa, na bustani ikabaki. Alifariki Septemba 2011, na leo Jumamosi mjini Nairobi watu wamelala kwenye nyasi alizozipigania. Kulinda nyasi zilizopo tunajua. Dallas imenifundisha kwamba nyasi zinaweza pia kutengenezwa mahali ambapo hazikuwahi kuwepo, ikiwa wahandisi wa barabara na watunza miti watakaa meza moja kabla ya boriti ya kwanza kumiminwa.

Kwa hiyo nawaomba wahandisi na wapangaji wa miji yetu, wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa: mnapochora barabara ya kwenda chini, choreni kuta zenye nguvu ya kubeba paa, hata kama fedha za paa hazipo leo. Meya wa Dallas wa miaka ya 1960, Erik Jonsson, alitaka barabara hii ipite chini ya usawa wa ardhi. Kwa sababu ilishushwa, wajukuu wameweza kuifunika.

Jua linazama sasa. Taa zimewaka kwenye matao, mtu anajaribu gitaa jukwaani, mpwa wangu amelala kwenye bega la baba yake. Nami nimevaa viatu, nimevua tena.

Ukifika Dallas, usipite chini. Panda juu. Bustani iko kati ya Pearl Street na St. Paul Street, inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, inafungwa saa tano usiku. Kiingilio hakuna.